Insulini ya Bi mkubwa bila friji: mtungi, mchanga na kivuli

Kabla sijaanza kuamini mtungi, friji ndiyo ilinitia hasara. Vichupa vya insulini, dawa ya kisukari ya mama, nilivisukuma nyuma kabisa, vikagusana na frizi. Siku moja nikatoa kimoja kina vipande vya barafu. Nikakiacha kiyeyuke, nikamchoma dozi yake kama kawaida. Wiki nzima kipimo cha sukari kinasoma 18, mara 20, juu mno, naye hajagusa hata soda. Muuguzi alikiangalia mara moja tu: "Hii imekufa." Insulini ni protini. Ikiganda inaharibika, na ukiiyeyusha hairudi kama ilivyokuwa.

Joto nalo linaiua, ila taratibu kuliko tulivyotishwa. Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walipima joto la nyumba za kambi ya Dagahaley, Dadaab, kaskazini mashariki mwa Kenya. Lilikuwa likipanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Wakaiga joto hilo maabara kwa wiki 4, na insulini ikabaki na nguvu karibu sawa na ya kwenye friji. Matokeo yalitoka 2021. Mwaka 2023 wachambuzi wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopitia tafiti za tiba, nao wakaeleza kwamba insulini ya binadamu (aina inayofanana na ile ya mwili wetu) ambayo kichupa chake hakijafunguliwa inaweza kukaa hadi miezi 6 isipozidi nyuzi 25, au miezi 2 isipozidi 37.

Kwa hiyo hatutafuti baridi ya barafu. Tunataka joto lisipande.

Nenda sokoni (mimi nilinunua Majengo, hapa Dodoma) uchukue vyungu viwili vya udongo, kimoja kiingie ndani ya kingine na kibaki na nafasi ya vidole viwili pembeni. Visiwe vimepakwa rangi wala kung'arishwa, maana maji lazima yapenye udongo na kukauka nje. Kukauka huko ndiko kunakoondoa joto. Tandaza mchanga chini ya chungu kikubwa, kalisha kidogo juu yake, jaza mchanga pembeni, kisha mwagia maji mpaka ulowe. Weka vichupa kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko, kopo liingie ndani, funika kwa kanga kuukuu iliyolowana. Chungu kikae juu ya kigoda, kivulini, upepo unapopita. Kukificha kabatini ni kazi bure. Mimi namwagia mchanga maji asubuhi na jioni.

Nunua kipimajoto kidogo ukitumbukize humo. Kiangazi, nje kukiwa 31, changu husoma 24 au 25. Shangazi yangu yuko Tanga, akaiga kila kitu na akaambulia 29. Hakukosea. Hewa ya pwani imejaa unyevu, maji hayakauki haraka. Na 29 bado ni nafuu kuliko bati la jikoni kwake.

Chungu ni cha kichupa kinachotumika. Vya akiba naviacha kwenye friji ya zahanati, nyuzi 2 hadi 8, na muuguzi wetu ndiye aliyenikubalia mpango huu. Usiuanze bila kumuuliza wa kwenu, kwa sababu aina za insulini hazifanani muda.

Siku ya kufungua, andika tarehe kwenye kichupa kwa kalamu isiyofutika. Kichupa cha mililita 10 kina yuniti 1,000. Bi mkubwa anachoma 20 asubuhi na 12 jioni, yaani 32, kwa hiyo hesabu inafika siku 31. Lakini insulini yetu ikishafunguliwa, mwisho wake ni siku 28. Kinachobaki namwaga, hata roho ikiuma. Kila asubuhi kiinue dirishani. Ile ya maji lazima iwe angavu kabisa. Ile nyeupe kama maji ya mchele, izungushe taratibu viganjani, usiitikise. Ikibaki na mabonge, au chembe zikiganda kwenye kioo, usiichome. Na sukari ikipanda bila sababu hata kama dawa inaonekana nzuri, badilisha kichupa na mpeleke mgonjwa akaonwe.

Sasa hivi joto halinisumbui kama wajukuu. Wamegundua kuna ubaridi mle, kila nikifunua nakuta nyanya na chupa ya juisi. Nimenunua chungu cha tatu, chao.