Somo: Taarifa ya mwezi kwa majirani wa ufukweni huanza na maji, si na mwenyekiti

Nilipochaguliwa kuwa katibu wa chama chetu cha wenye nyumba, taarifa yangu ya kwanza ilijaa kurasa nne. Salamu za mwenyekiti, yatokanayo na kikao kilichopita, shukrani kwa wajumbe mmoja mmoja, na chini kabisa ya ukurasa wa mwisho mstari mmoja: "Jumamosi saa 10 jioni tutazibua mdomo wa bomba la mfereji chini ya gati. Njooni na majembe." Watu 11 walikuja na majembe. Bomba hatukuliona. Bahari ilikuwa imejaa hadi ngazi ya pili kutoka juu, na tulichokuja kuzibua kilikuwa chini ya maji kwa kina cha mtu mzima. Mzee mmoja akaketi ukutani, akalaza jembe lake mapajani, akaniuliza: "Katibu, bahari nayo uliiarifu?"

Siku hizi taarifa yetu ni ukurasa mmoja na maji ndiyo yanayotangulia. Kwa watu wanaoishi ukingoni, habari nyingi zinafuata hapo: lini fundi anaweza kushuka kwenye msingi wa ukuta, lini gari lisilale barabara ya chini, lini tangi la maji taka lisiguswe. Ninavyoiandaa ni hivi.

Hatua ya 1: Tafuta jedwali la maji, kisha lipime kwenye ukuta wenu

Jedwali la kujaa na kupwa hutolewa na mamlaka za bandari na wapimaji wa bahari. Chukua la bandari iliyo karibu nanyi zaidi. Kosa langu la ile Jumamosi lilianzia hapa. Jedwali lilisema maji yatakupwa 10:10, nami nikasoma saa kumi. Lakini majedwali huhesabu kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo 10:10 ni saa 4 na dakika 10 asubuhi. Saa 10 jioni huandikwa 16:00, na maji yakipwa asubuhi saa hizo, jioni ndiyo yanamalizia kujaa, maana toka kupwa hadi kujaa ni saa sita na ushei. Sasa nabadilisha saa zote kwa kalamu, kisha nampa mtu mwingine azisome upya. Angalia pia kama jedwali linafuata saa za kwenu au za Greenwich.

Urefu wa maji ulioandikwa kwenye jedwali nao unadanganya asiyejua. Ukiona 3.8, si mita 3.8 kutoka uani kwako. Unahesabiwa kutoka kiwango cha chini kinachotumika kwenye ramani za mabaharia. Ili namba ile iwe na maana kwenu, fanya hivi: chagua siku ya shwari, simama kwenye ngazi za gati dakika maji yanapofika kilele, piga mstari wa rangi pale yalipogusa. Kando yake andika namba ya jedwali ya siku ile. Tuseme ni 3.4. Shusha futikamba kutoka juu ya ukuta hadi kwenye mstari. Ukipata sentimita 60, basi kichwa cha ukuta wenu ni 4.0 kwa lugha ya jedwali. Siku jedwali likisema 3.8, mmebakiwa na sentimita 20, na mawimbi bado hayajahesabiwa. Rudia zoezi hili siku tatu nne tofauti, kwani siku moja yaweza kukupotosha.

Jedwali pia ni utabiri wa mwezi na jua tu. Halijui upepo utakaovuma. Mgandamizo wa hewa ukishuka kwa milibari 1, maji hupanda kama sentimita 1, hivyo dhoruba iliyoshusha hewa kwa milibari 20 inaweza kuwalia sentimita zote 20 mlizokuwa mnajivunia.

Hatua ya 2: Panga kazi za mwezi kwa kufuata bamvu na maji mafu

Bamvu, yaani siku za maji makubwa, huja mara mbili kwa mwezi, siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi mpevu. Katikati yake ni maji mafu, siku ambazo bahari haijai sana wala haipwi sana. Watu wengi wanakumbuka tu kwamba bamvu hujaza sana. Ukweli ni kwamba hupwa sana pia. Kwa hiyo kazi ya msingi wa ukuta, kule chini kusikoonekana siku za kawaida, subiri bamvu na uifanye maji yakiwa yamekupwa. Kazi ya katikati ya ukuta, kama kuziba nyufa kwa zege, ipeleke kwenye maji mafu, kwa sababu maji hayatapanda mno kuisumbua kabla haijakauka.

Muda wa kufanya kazi ninaoandika ni dakika 90 kabla ya kupwa na dakika 90 baada. Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza yanajivuta, lakini saa ya tatu na ya nne peke yake hupandisha karibu nusu ya kimo chote. Fundi anayesema "bado kidogo tu namalizia" saa ya pili ikiisha, atamalizia akiwa amelowa. Kesho yake sogeza kila kitu mbele kwa dakika 50 hivi.

Machi na Septemba, usiku na mchana vinapokaribia kulingana, bamvu huwa kubwa kuliko za miezi mingine. Miezi hiyo natoa onyo wiki mbili kabla: nyanyueni vitu vya stoo za chini, hakikisheni kifuniko cha bawaba mdomoni mwa bomba la mvua kinafunga. Kifuniko hicho kikikwama wazi kwa sababu ya tawi moja tu, bahari hupitia mfereji kurudi mtaani hata kama ukuta ni mzima.

Hatua ya 3: Zunguka ukuta mwenyewe kabla ya kuandika

Usiandike habari za ukuta kwa kuambiwa. Shuka maji yakipwa, na kijiti, futikamba na simu ya kupigia picha. Tumegawa ukuta wetu vipande vyenye namba, hivyo taarifa husema "kipande cha 7", haisemi "kwa fulani". Hilo peke yake limepunguza ugomvi nusu.

Angalia kwanza matundu ya kutolea maji. Ardhi nyuma ya ukuta hulowa, na yale maji lazima yatoke. Yasipotoka husukuma, na ukuta mwingi unaoegemea baharini haukusukumwa na mawimbi. Umesukumwa na maji yaliyokosa njia nyuma yake. Ingiza kijiti kwenye tundu. Likitoa maji safi, vizuri. Likiwa kavu kabisa siku chache baada ya mvua kubwa, shuku kwamba limeziba. Na likitoa maji ya matope, simama hapo hapo, kwa kuwa kile kinachotoka ni kifusi chenu. Mwaka mmoja tuliona rangi hiyo ya chai kwenye tundu moja, na tulipopanda juu tukakuta nyasi zimebonyea duara, upana wa sahani. Mwenye uwanja alikuwa amejaza udongo pale mara mbili na kusahau. Chini yake kulikuwa na pango linaloingia mkono mzima hadi begani.

Kisha tazama msingi: maji yamechimba kiasi gani chini ya ukuta? Pima, andika. Tazama michirizi ya kutu, kwa maana nondo ikipata kutu huvimba na kupasua zege kutoka ndani. Tazama kama ukuta umetoa tumbo. Piga picha mahali pale pale kila mara ili mwezi ujao uweze kulinganisha. Ufa wenye upana ule ule miaka mitatu haunikoseshi usingizi. Ule uliokuwa mwembamba kama uzi na leo unaingiza sarafu, huo unaitiwa mhandisi.

Hatua ya 4: Fedha

Kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Mfuko wa ukuta uandikwe peke yake, usichanganywe na taa na ulinzi. Majina ya wadaiwa usiyaweke. Mdaiwa huandikiwa barua yake. Aliyeaibishwa mbele ya mtaa halipi haraka zaidi, ila haji tena kwenye kazi za pamoja.

Hatua ya 5: Habari za watu, na zipi uziache

Msiba, mtoto aliyezaliwa, jirani mpya: omba ruhusa kwanza. Usiandike kamwe kwamba familia fulani imesafiri mwezi mzima, hata kama ni kuwatakia safari njema. Karatasi hiyo itasomwa pia na asiyewatakia mema.

Na andika kwa vitenzi. "Kutakuwa na zoezi la ukarabati wa miundombinu ya gati" hakuna anayejua afanye nini. "Mafundi watafunga gati Jumanne na Jumatano, toa mashua yako kabla ya Jumatatu magharibi" kila mtu anaelewa, hata anayelalamika.

Hatua ya 6: Isambaze

Picha moja kwenye kundi la simu, karatasi moja kwenye ubao wa matangazo. Wapo wazee wasioshika simu, na wao ndio wanaojua ukuta ulijengwa juu ya nini.

Maswali ya wanachama

Shikamoo katibu. Sisi wa ukingo wa ziwa hatuna bamvu wala maji mafu. Somo hili linatuhusu?

Marahaba. Kupwa na kujaa kwa ziwa ni kudogo mno kuonekana, kweli. Lakini upepo ukivuma muda mrefu upande mmoja, husukumia maji ng'ambo, kisha ukitulia maji hurudi na kuyumba kama ya kwenye beseni lililobebwa. Badilisha jedwali la mwezi kwa mambo mawili: kina cha ziwa kila wiki dhidi ya alama yenu ya rangi, na upepo mkali unatokea upande gani msimu upi. Hatua ya 3 ifuateni yote bila kupunguza.

Tangi letu la maji taka linajaa upesi siku za bamvu. Niite gari la kunyonya siku hiyo hiyo?

Hapana ndugu yangu, na tafadhali waambie na majirani. Siku hizo maji ya ardhini yamepanda na kulizunguka tangi. Ukilinyonya likawa tupu, linakuwa chombo chepesi kilichozamishwa, na laweza kuinuka na kukata mabomba. Nimeona kifuniko cha tangi kilichopanda juu ya usawa wa uwanja kwa kimo cha tofali. Punguza matumizi ya maji siku hizo mbili tatu, usifue, ita gari maji ya ardhini yakishuka. Likiendelea kujaa upesi hata kwenye maji mafu, tangi lina ufa, au ardhi inayonyonya maji yanayotoka tangini imechoka.

Jirani yangu kajenga ukuta mpya wa zege, na tangu hapo mchanga wa upande wangu unaliwa. Ni mimi tu nina wivu?

Huna wivu. Ukuta mgumu hurudisha nguvu za mawimbi badala ya kuzimeza, na pale unapoishia ndipo mmomonyoko huongezeka. Lakini kabla ya kumshika shati, linganisha picha zako za tangu zamani, maana fukwe nyingine hupoteza mchanga msimu mmoja na kurudishiwa mwingine. Ukiwa na ushahidi, lete kikaoni. Dawa huwa ni kuunganisha miisho ya kuta kwa ushauri wa mhandisi na kibali cha mamlaka. Ukikimbilia kujenga wako mrefu zaidi, utamhamishia tatizo anayefuata.

Watoto wanasema wakiogelea karibu na gati wanahisi kama kuchomwa sindano. Ni viwavi wa baharini?

Yawezekana. Ila kwanza zima umeme wote wa gati, sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma jibu hili. Waya uliochubuka unaweza kuvujisha umeme majini, na kwenye maji baridi ya ziwa au mto hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa mwili hupitisha umeme vizuri kuliko maji yale. Mtu akikakamaa majini usimrukie. Zima umeme, mrushie boya au kamba. Fundi umeme aweke swichi inayokata yenyewe umeme unapovuja, na aipime kila mwaka. Hili nimeliingiza kwenye taarifa ya mwezi huu, mara tu baada ya habari za maji.

Alama aliyochora marehemu baba kwenye ngazi, "hapa bahari haifiki", sasa inafikiwa. Alikosea?

Hakukosea. Kati ya 1901 na 2018 usawa wa bahari duniani ulipanda kwa wastani wa sentimita 20, na kati ya 2006 na 2018 kasi ilifikia milimita 3.7 kwa mwaka. Penye ardhi inayotitia huonekana zaidi. Iache alama ya mzee ilivyo, chora yako juu yake na uandike mwaka.

Na salamu za mwenyekiti siku hizi ziko wapi?

Nyuma ya karatasi. Mwenyekiti hana neno. Aliomba tu ziandikwe kwa herufi nene.