Kidole kinasoma 98, ubongo je? Ukitumwa skani ya oksijeni ya kichwa soma hapa kwanza

Asubuhi ile mjombangu ameamka mdomo umekwenda upande na mkono wa kulia hauinuki, kituo cha kwanza tulichokimbilia wakambana kile kibanio cha kidoleni, kikasoma 98, tukaambiwa tulieni oksijeni iko sawa. Tukatulia wallahi, mtu akatumwa chai na mahamri kabisa. Saa nzima ikapotea hapo, na ilikuwa ni kiharusi. Kwahivyo naandika hii kwa yeyote ambaye kesho keshokutwa atasimama nilipokuwa nimesimama mimi.

Kile kibanio hupitisha mwanga mwekundu na mwanga usioonekana kwa macho, kinaangalia damu ya hapo kidoleni imebeba oksijeni kiasi gani, basi. (Na kama mama amejipaka piko nyeusi mpaka kwenye kucha mwambie nesi atafute kidole kingine ama sikio, manake piko inaweza kuzuia ule mwanga.) Damu inaweza kuwa imejaa oksijeni tele na ubongo ukawa unakufa njaa, sababu mshipa wa kupeleka umeziba. Ni kama maji yetu ya Mombasa, tangi la mwenye nyumba limejaa pomoni lakini mfereji wako umefungwa, lile tangi lakusaidia nini? Na ubongo ni mlafi, uzani wake kama asilimia 2 tu ya mwili lakini oksijeni unakula kama asilimia 20.

Sasa sikiza vizuri. Kama mdomo umepinda leo, usianze kuulizia hizi skani ninazozieleza chini. Ni siti skani (CT, picha ya kichwa kwa eksirei) ya haraka kwanza, manake dawa ya kuyeyusha bonge la damu kawaida hutolewa ndani ya masaa 4 na nusu tangu dalili zianze, na bila siti hawawezi kujua kama mshipa umeziba ama umepasuka. Mambo ya kupima oksijeni ya ubongo ni ya baadaye, ama ni ya mtu mwenye uvimbe kichwani au mshipa wa shingo uliokuwa mwembamba.

Ukishatumwa, kabla hujatoa hata shilingi, muulize daktari hivi: unatafuta kujua damu inafika, ama oksijeni inatumika kiasi gani, ama kuna sehemu iko hai lakini imekosa oksijeni? Hayo ni maswali matatu na kila moja lina kipimo chake, na watu wengi hulipia jibu la swali ambalo hakuna aliyeuliza.

Ile sindano wanayopiga ukiwa kwenye MRI, skani ya sumaku, watu wanaiita dawa ya rangi, ni gadolini. Hio haipimi oksijeni. Inaonyesha mishipa, inaonyesha damu inavyopita na pale ambapo ukuta wa mshipa unavuja. Watataka kipimo cha figo kwanza, na ukiwa na sukari au presha ya miaka mingi sema, usione haya.

MRI pia inaweza kukisia oksijeni bila sindano yoyote, na hii mimi ndio naipenda zaidi. Himoglobini, ile nyekundu ya damu inayobeba oksijeni, ikishaachia oksijeni inakuwa na tabia ya kuvutwa na sumaku, Pauling na Coryell walilionyesha hilo 1936, halafu Seiji Ogawa na wenzake 1990 wakaonyesha kwamba mashine inaweza kuliona ndani ya ubongo. Yani damu yako mwenyewe ndio dawa. Lakini inakupa mabadiliko, hapa pamepanda pale pameshuka, haikwambii ubongo una oksijeni kiasi fulani kwa nambari.

Anayetaka nambari kamili atakwenda PET, skani inayofuata dawa yenye mionzi ndani ya mwili, na hapa dawa ni oksijeni yenyewe iliyofanywa kuwa na mionzi, inaitwa oksijeni-15. Unavuta hewa yake kwa pua, mashine inahesabu ubongo umechukua kiasi gani kutoka kwa damu. Kama damu imepungua kufika, ubongo unakamua zaidi kile kidogo kilichopo, na huo ukamuaji ndio daktari anautafuta. Ubaya wake inaisha nguvu nusu kila dakika 2 hivi. Piga hesabu: tuseme feri imechukua dakika 10 kutoka kisiwani mpaka Likoni, ukishuka umebakiwa na fungu moja katika 32. Ndio maana lazima ile mashine ya kuitengeneza, saiklotroni, iwe hapohapo karibu na skani, na hata huko Ulaya na Marekani ni hospitali za utafiti ndio wanayo, kwahivyo mtu akikwambia anakufanyia hapa mtaani muulize mara mbili.

Halafu kuna FMISO, dawa nyingine ya PET. Hii ina florini-18 yenye mionzi, ambayo inapungua nusu kila dakika 110. Ukiipakia SGR pale Nairobi, masaa 5 na nusu mpaka Miritini, imebaki thumuni. Cha kufurahisha ni kwamba iko ukoo mmoja na Flagyl, ndio, hiyohiyo Flagyl ya tumbo unayonunua duka la dawa. Flagyl huua vijidudu visivyopenda oksijeni sababu dawa ikiingia mahali pasipo na oksijeni inabadilika, inageuka kali. FMISO ni mchezo huohuo: ikiingia seli yenye oksijeni inatoka zake, ikiingia seli iliyo hai lakini imekosa oksijeni inanasa humo na mashine inaona panawaka. Seli iliyokufa hainasi kitu. Hutumika sana kwa utafiti wa uvimbe wa ubongo, sababu sehemu isiyo na oksijeni huwa sugu kwa tiba ya mionzi. Ukidungwa utangoja kama masaa 2 au zaidi kabla ya picha, beba subira.

Sisi tulielekezwa Nairobi, na tukajua njiani kwamba tulichobukiwa ni FDG, ambayo ni sukari iliyotiwa mionzi, ndio PET ya kila siku. Inaonyesha ubongo unavyokula sukari, oksijeni haiguswi. Si mbaya, lakini ndio nasema soma jina la dawa kwenye karatasi ya bukingi kabla hujakata tiketi. Na ruhusa ya bima iwe imetoka mapema, usiende nayo mdomoni.

Maandalizi: FDG hutakiwi kula masaa 4 mpaka 6 kabla yake, na mgonjwa wa sukari apige simu kwanza aulize atafanyaje na dawa zake, hasa mwezi wa Ramadhani. Kahawa chungu achana nayo hiyo siku kama wanapima damu ya ubongo, hubana mishipa ya kichwani. Muguka na miraa mwambie daktari ukweli, hakuna atakayekushtaki. Kwa MRI vua kila kitu chenye chuma: pini za mtandio, vikuku, hirizi yenye kibati, na wanja ufute manake mwingine una chembe za chuma. Mwenye mashine ya moyo au vyuma vya upasuaji aseme kabla hajafika mlangoni.

Ukitoka PET kunywa maji, kojoa sana, na masaa kadhaa ya mwanzo usimpakate mtoto mchanga wala kukaa ubavuni mwa mjamzito. Shangazi yangu alileta madafu matano, niya nzuri, lakini mjomba figo zake si nzima na madafu yana potasiamu nyingi, nikayanywa mimi.

Na picha zenyewe daini kwenye CD, si karatasi ya ripoti peke yake. Daktari wa pili atataka kuziona kwa macho yake, na ukishapanda treni kurudi Mombasa kuzifuata tena ni nauli nyingine.