Mzee wenu alizama baharini? Anza na upepo, si kaburi

Kama kwenu kuna mzee alieenda kuvua akapotelea huko na hakuna anaekumbuka mwaka, usianze na cheti cha kifo, utachoka bure. Maiti haikuonekana, hakuna kibali cha mazishi kilichoandikwa, mimi nlipoteza miezi mitatu nikifukuza hiyo karatasi kwa ofisi moja hapa Mombasa kumbe haikuwahi kuwepo.

Nenda kwa wazee, na usiwaulize "ilikuwa mwaka gani". Uliza ilikuwa upepo wa kaskazi ama wa kusi, maji ya bamvua (yanayojaa na kupwa sana) ama maji mafu (yanayojaa na kupwa kidogo), ngalawa ama mashua, na chombo kilikuwa cha nani. Nyanya yangu mwaka hakuujua kabisa lakini akanijibu palepale: "Kusi ishaingia, bamvua, nasi tumefunga, mvua ya masika hiyo inanyesha tunafuturu ndani." Hapo ashakupa tarehe, manake Ramadhani hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, kwa hivyo kuangukia masika ni 1923 hadi 1925 hivi, ama 1955 hadi 1957, ama 1988 hadi 1990. Nyanya alikuwa kigori, basi ni hiyo ya kati. Chukua 1956: mfungo uliingia karibu na tarehe 12 Aprili, na bamvua huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, kwa hivyo ni siku za mwanzo wa mfungo ama wiki ya mwisho ya Aprili. Fanya hivyo na ile miaka mingine miwili, unabaki na wiki chache tu za kupekua.

Sasa ndo uende kwa magazeti ya zamani kama Mombasa Times, na Nyaraka za Taifa kule Moi Avenue Nairobi. Jina usilitegemee sana, magazeti ya mkoloni mara nyingi yalihesabu tu wavuvi wangapi wamezama.

Penye utamu ni urithi. Mtu akipotea bila maiti, mkewe haolewi wala mali haigawanywi mpaka kadhi aamue, na sheria ya serikali nayo inahesabu miaka saba ndo imchukulie amekufa, kwa hivyo usitafute faili ya mwaka aliozama peke yake, sogea mbele. Faili ya mirathi ikipatikana ina wake, watoto, na chombo ama nyavu kama zilikuwa zake (na jiandae, mke wa pili ambae nyumbani hatajwi anaweza kutokea hapo).

Ukikosa kote, pengine hakuzamia huku. Wavuvi walikuwa wanaenda dago (kupiga kambi ya uvuvi mbali na kwao) miezi mizima, Shimoni, Vanga, mpaka Pemba. Basi shuka diko, pale vyombo vinapotia nanga, kaa na wazee wanaoshona nyavu, na uliza kwa jina la utani, manake kule hakuna aliemjua kwa jina la kipande, yaani la kitambulisho.