Somo: Kugeuza lori la jeshi kuwa boza la zimamoto, tukianzia kwenye mizani

Wakuu, swali la jinsi ya kugeuza kuwa maboza ya maji yale malori ya jeshi la Marekani yanayoishia kwenye vikosi vya zimamoto vya kujitolea huko vijijini limerudi tena, kwa hiyo leo naliandikia somo kamili. Wengi huanza kwa kutafuta tangi. Hapo ndipo wanapoharibu.

Hatua ya 1: Lori ni la nani?
Kuna njia mbili, programu za FEPP (mali ya ziada ya serikali kuu) na FFP (mali ya wazimamoto), na zote hupitia Forest Service, idara ya misitu ya serikali kuu, pamoja na ofisi ya misitu ya jimbo. Kwa FEPP lori linabaki mali ya serikali kuu. Kikosi kimeazimwa tu, na siku kikichoka nalo kinalirudisha. Kwa FFP gari hutoka Wizara ya Ulinzi, na umiliki unaweza kuhamia kwa kikosi kikitimiza masharti ya matumizi. Kabla ya kuwasha grainda, pata ruhusa ya jimbo kwa maandishi. Na rangi ya jeshi sharti iondoke.

Hatua ya 2: Hesabu ya uzito
Hapa tukae kidogo. Galoni moja ya Marekani ni lita 3.785, na maji yake yana uzito wa pauni 8.34 (karibu kilo 3.8). Lori la M35A2, lile la "tani mbili na nusu", linaruhusiwa mzigo wa pauni 5,000 nje ya barabara, na 10,000 kwenye barabara nzuri. Moto wa nyasi haukusubiri kwenye lami, kwa hiyo hesabu yako ni ile ya 5,000. Galoni 500 za maji ni pauni 4,170. Toa hizo, kisha uniambie tangi, pampu, mipira na vifaa utaviweka kwenye pauni 830 zilizobaki. Ni kwa kubana sana.

Anayetaka galoni 1,000 aende kwenye familia ya M939, malori ya jeshi ya "tani tano", kwa mfano M923, ambayo hubeba pauni 10,000 nje ya barabara. Maji peke yake yanakula 8,340. Tangi la plastiki linaweza kukuokoa hapo. La chuma kinene litakumaliza.

Mtego mkubwa ni M49, boza la mafuta lililojengwa juu ya chasi hiyohiyo ya M35. Tangi lipo tayari, galoni 1,200, na mtu anaona kazi imekwisha. Lakini petroli ina takriban pauni 6 kwa galoni. Jaza maji na umeongeza zaidi ya tani moja juu ya mzigo wa mafuta, na ile petroli yenyewe ilikuwa tayari imepita kiwango cha porini. Tangi la aina hiyo pia usilichomelee kabla halijasafishwa na kupimwa gesi. Mvuke wa mafuta kwenye tangi "tupu" umeshaua mafundi.

Pima kila ekseli kwenye mizani lori likiwa tupu, kisha likiwa limejaa na wafanyakazi wamo ndani.

Hatua ya 3: Kuta za ndani ya tangi
Maji yakicheza yanalisukuma lori kuliko dereva. Viwango vya NFPA, shirika la Marekani la kinga dhidi ya moto, vilitaka nafasi kati ya kuta zisizidi inchi 48, kwa urefu na kwa upana. Ndiyo maana matangi ya maziwa yaliyotumika ni hatari japo yanang'aa: mengi hayana kuta ndani, ili yasafishike.

Hatua ya 4: Kufunga tangi
Chasi ya jeshi imeundwa ijipinde kwenye mashimo. Ukilikaza tangi pembe zote nne, chasi ikijipinda tangi linapasuka. Tumia fremu ndogo yenye nukta tatu za kushikilia, au springi upande mmoja. Usichomelee kwenye chasi wala usitoboe kingo zake za juu na chini.

Hatua ya 5: Breki na tairi
M35A2 ina breki za mafuta zinazosaidiwa na upepo, zenye mzunguko mmoja tu. Bomba moja likivuja, pedali yote imekwenda. Badilisha mabomba yote bila kujiuliza. Tairi zake za zamani za jeshi huteleza vibaya lami ikilowa, na rimu zenye ringi ya kufungia zijazwe upepo ndani ya kizimba cha usalama, maana ringi huweza kuruka.

Hatua ya 6: Kumwaga na kupumua
Boza hufanya kazi kwa kumwaga haraka kwenye bwawa la turubai na kurudi kujaza. Lengo la NFPA ni galoni 1,000 kwa dakika kwa asilimia 90 ya tangi. Tundu la hewa juu ya tangi liwe kubwa kulingana na valvu ya kumwagia, la sivyo tangi linajikunja kama kopo. Tulikunja moja kwenye jaribio la kwanza, mbele ya kikosi kizima.

Umeme ni volti 24. Taa na redio za volti 12 zipewe kibadilishi chake, zisichote umeme kwenye betri moja peke yake ya lori.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, nikitembea lami tu siwezi kuongeza galoni 250?*
Kwenye karatasi unaweza. Ila siku ya moto nani atamzuia dereva asiingie shambani? Jenga tangi dogo.

*Kwa nini wengine husema "tender" na wengine "tanker"?*
Kwenye mfumo wa moto wa misituni, "tanker" ni ndege na "tender" ni lori. Mashariki ya Marekani wengi bado huliita lori "tanker". Ukiomba msaada kwa redio, hakikisha mnaelewana.

*Nitajuaje kama halitapinduka?*
NFPA ilikubali njia mbili: lori lisimame imara likiinamishwa nyuzi 26.5 kila upande, au kimo cha kitovu cha uzito kisizidi asilimia 80 ya upana kati ya magurudumu ya ekseli ya nyuma. Tangi pana na fupi hupita kirahisi kuliko refu la juu.

*Kuna michoro ya kuanzia, au kila mtu anabuni yake?*
Ipo. Roscommon Equipment Center huko Michigan imekuwa ikichora ugeuzaji wa malori haya kwa miaka mingi. Hakikisha tu mchoro unalingana na modeli yako. Wa M35 usiuhamishie kwenye M923.