Namna ya kumsaidia kijana ambaye mitandao ya kijamii inamnyima usingizi na furaha

Mzazi anayeona mwanawe wa miaka 15 anaamka na macho mekundu, anajibu kwa ukali na hana hamu ya kula, mara nyingi hukimbilia kumnyang'anya simu. Nakusihi usianzie hapo. Kijana aliyenyang'anywa simu hujifunza kuificha, na siku akitukanwa au kutishiwa mtandaoni atanyamaza, kwa kuwa anajua kwamba akisema ataipoteza.

Anza na usiku. Wataalamu wa usingizi wa Marekani walishauri mwaka 2016 kwamba vijana wa miaka 13 hadi 18 walale kwa muda wa saa 8 hadi 10 kila siku, kwa hiyo mwanafunzi anayeamka saa kumi na moja alfajiri kuwahi daladala anapaswa kuwa usingizini ifikapo saa tatu usiku, wakati ambao ndio kwanza makundi ya marafiki yanachangamka. Tengeni mahali pamoja sebuleni pa kuchajia simu zote usiku, ya baba na ya mama zikiwemo, maana sharti linalomhusu mtoto peke yake halidumu hata wiki. Akisema simu ndiyo inayomwamsha, mnunulie saa ya kengele.

Kisha kaeni pamoja mzime arifa zote zisizo za lazima, na umweleze kwamba video moja ikiisha na nyingine ikajileta, si yeye aliye dhaifu, bali programu imeundwa isiwe na mwisho. TikTok ilitangaza Machi 2023 kikomo cha dakika 60 kwa siku kwa walio chini ya miaka 18, lakini kijana anaweza kuingiza namba ya siri akaendelea, hivyo usikitegemee.

Kazi kubwa zaidi ni mazungumzo. Muulize ni kurasa zipi zikimwacha anajiona mbaya, maskini au mpweke, kisha umwachie yeye mwenyewe aamue zipi aache kuzifuata. Usimcheke kwa kuumizwa na picha iliyokosa kupendwa, kwani mbele ya wenzake hilo ni jambo zito. Muulize pia anachooneshwa bila kukitafuta, kwa sababu mitandao humwongezea mtu kile alichokitazama kwa muda mrefu, hata kama kilikuwa kinamuumiza. Huko London, Molly Russell alifariki mwaka 2017 akiwa na miaka 14, na Septemba 2022 ofisa aliyechunguza kifo chake alihitimisha kwamba maudhui ya kujidhuru aliyokuwa akiyaona mtandaoni yalichangia. Wazazi wake hawakuwa wakijua anachokitazama.

Huzuni au kukata tamaa kukizidi wiki mbili, au akiacha mambo aliyoyapenda, mpeleke kituo cha afya ukaeleze wazi kwamba unahofia sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha. Akigusia kwamba afadhali asingekuwepo, muulize moja kwa moja kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimpandikizii wazo, bali humpa ruhusa ya kusema. Tanzania na Kenya, namba 116 ya kuwasaidia watoto hupigwa bila malipo. Mkiwa mnasubiri msaada, usimwache peke yake, wala usiende kulala ukamwambia mtaongea kesho.