Somo: Gari limeharibiwa kwenye servisi, kampuni inakana. Uanzie wapi?

Ndugu zangu, mwezi huu nimepigiwa simu tatu zenye kilio kimoja: gari limeingia servisi zima, limetoka bovu, na waliolishika wanasema "lilikuja hivyo hivyo." Wawili kati ya hao watatu sikuweza kuwasaidia sana, kwa sababu walishampa fundi mwingine afungue injini. Nimeona niandike yote hapa.

1. Kabla hujatoa ufunguo

Hapa ndipo kesi yako inaposhindwa au kushinda. Lizunguke gari ukipiga picha kila upande, bampa na vioo vikiwemo. Kisha washa injini upige picha ya dashibodi ili kilometa zisomeke na ionekane ni taa gani zinawaka na zipi hazipo. Fomu ya mapokezi usiisaini ikiwa na nafasi wazi. Waandike kilometa, kiasi cha mafuta, mikwaruzo iliyopo, kazi uliyoagiza na aina ya oili itakayotiwa. Ondoka na nakala.

Ukiambiwa "bila risiti tunakupunguzia kidogo", kataa. Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Hicho kidogo ulichopunguziwa ndicho kitakachokuponza siku watakaposema hawakujui.

2. Kabla hujatoka getini

Vuta kijiti cha oili ukiangalie. Acha injini iungurume dakika tano, uchungulie chini. Ukifika nyumbani tandika kipande cha boksi chini ya injini usiku kucha. Asubuhi kitakuambia kama kuna tone.

3. Ukiona dalili, zima

Mimi nilitoa pikapu yangu servisi hapa Mbeya mjini, kwenye kampuni kubwa tu, nikashika njia ya Tukuyu. Nimeshapita Uyole, nakaribia Isyonje, taa nyekundu ya oili ikawaka. Nikazima palepale kwenye mlima, nikaweka mawe nyuma ya matairi. Kuinama nikakuta sampu (bakuli la oili chini ya injini) imelowa, na nati ya kumwagia oili inazunguka kwa vidole viwili, haikukazwa kwa spana. Nyuma yangu mstari mweusi umechora lami mpaka kwenye kona.

Nilichukua video ya vidole vyangu vikiizungusha ile nati, halafu picha ya kilometa. Kati ya fomu yao na dashibodi yangu hazikufika 40. Walipokuja na hoja ya "barabara mbovu imeilegeza", tofauti hiyo ndiyo iliyowanyamazisha.

Taa ya oili ikiwaka usijisogeze "mpaka hapo mbele". Bila oili vyuma vya ndani vinasagana, injini inanoki kwa muda mfupi sana. Na ukiendelea kuendesha, kampuni itasema umeiua mwenyewe, na sehemu ya hoja hiyo itakuwa na mashiko.

4. Asiguse mtu

Najua inauma kulala njiani na baridi yetu hii ya Juni. Lakini fundi wa jirani akifungua boliti moja tu, ushahidi umechafuka. Wapigie waliofanya servisi, waambie gari lilipo, kisha wathibitishie kwa ujumbe wa maandishi. Wakigoma kulifuata, lipia bredauni, tunza risiti.

5. Barua

Maneno ya kaunta hayana kumbukumbu. Andika ukurasa mmoja: tarehe ya servisi, namba ya risiti, kilometa za kuingia na za kuharibika, kilichotokea, unachotaka walipe, na muda, mathalani siku 14. Usitukane wala kutishia. Peleka nakala mbili; yako wagonge muhuri na tarehe ya kupokea. Mimi siku ya tisa nilipigiwa simu na meneja. Walilipa bredauni na oili, wakapima injini mbele yangu.

6. Wakikana

Tafuta fundi mwenye cheti asiye na uhusiano nao, aandike ripoti inayotaja chanzo cha uharibifu, siyo uharibifu peke yake. Kisha panda ngazi: makao makuu ya kampuni, halafu Tume ya Ushindani (FCC), mwisho mahakama. Ukidai kwa msingi wa mkataba una miaka 6, ukidai kwa msingi wa uzembe ni 3. Ila usikae, picha zinapotea na mafundi wanahama.

Maswali ya wanachama

*Mama mmoja, Tukuyu: Kaka, wanataka watengeneze wao wenyewe. Nikubali?*
Kubali mama yangu, ila kwa maandishi: spea zipi, mpya au za kuvuliwa, na dhamana ya muda gani. Waambie spea za zamani wakurudishie.

*Makambako: Fundi wangu ni wa mtaani, hana risiti.*
Ujumbe wa malipo ya simu wenye jina lake utunze, na mazungumzo yenu ya WhatsApp usiyafute. Anza kwa mwenyekiti wa mtaa. Fundi anayeishi na wateja wake hapendi jina lake lizungumzwe ofisini.

*Iringa: Baada ya servisi gia boksi inatetemeka nikipanda Kitonga. Yangu ni CVT (otomatiki isiyo na gia za hatua).*
Ndugu, acha kuliendesha kwanza. CVT ina oili yake, na haidroliki ya kawaida huiharibu. Uliza walitia ipi na uone chupa. Sampuli itolewe mbele yenu wote, iwekwe kwenye chupa safi, muisaini kwenye lebo.

*Mbalizi: Wana bango ukutani, "hatutahusika na uharibifu wowote".*
Bango halifuti kazi mbovu. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamlinda mlaji, na aliyelipwa kwa huduma anatakiwa aifanye kwa ujuzi na uangalifu. Lipige picha hilo bango, uendelee na barua.

*Sumbawanga: Kijana wao alilitoa kulijaribu, akaligonga. Bima yangu ni ndogo.*
Pole sana. Bima ndogo hailipi gari lako mwenyewe, kwa hiyo usipoteze siku huko. Ita trafiki hata kama wanakubembeleza myamalize kimya, upate ripoti ya polisi inayoonyesha nani alikuwa kwenye usukani. Hiyo ripoti ndiyo uiambatanishe na barua ya hatua ya 5, kesho asubuhi.