Namna ya Kufuatilia Maisha ya Afisa wa Jeshi Aliyekuja Kuwa Gavana: Mfano wa Lugard

Nyaraka za afisa wa enzi za Malkia Victoria aliyeishia kuwa gavana zimegawanyika katika masijala mbili: Wizara ya Vita na Wizara ya Makoloni. Taabu iko katikati, miaka ambayo hakuwa kikosini wala hakuwa mtawala. Tumchukue Frederick Lugard, ambaye nyayo zake zinapita Mombasa na Mengo, mji mkuu wa Buganda.

Alizaliwa Madras, India, 22 Januari 1858, baba yake akiwa kasisi huko. Basi usihangaike na vitabu vya parokia za Uingereza. Rekodi za ubatizo wa Madras ziko Maktaba ya Uingereza, London, mfululizo wa N/2; N/1 ni Bengal, N/3 ni Bombay.

Kwa jeshi, anza na orodha za maofisa zilizochapishwa. Ya Hart ndiyo bora, maana ina tanbihi za vita alivyopigana kila mmoja. Lugard aliingia Kikosi cha 9 cha askari wa miguu mwaka 1878. Hapa wengi hupotea: mwaka 1881 vikosi viliacha namba vikachukua majina ya majimbo, na cha 9 kikawa cha Norfolk. Ukitafuta namba ile kwenye orodha ya 1885 utadhani mtu wako ameacha kazi. Orodha za medali ziko Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, Kew, London, mfululizo wa WO 100 (WO ni Wizara ya Vita).

Sasa ile miaka ya katikati. Mwaka 1888 yuko Karonga, Ziwa Nyasa, akipigana na Mlozi, mfanyabiashara wa watumwa. Desemba 1890 yuko Mengo, mtumishi wa kampuni ya Mackinnon, yaani Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki. Majalada ya kikosi hayatakusaidia. Tafuta karatasi za Mackinnon zilizoko SOAS, chuo cha masomo ya Asia na Afrika, London, shajara zake Lugard zilizoko Oxford, na mfululizo wa FO 2 (Wizara ya Mambo ya Nje) huko Kew. Shajara pekee haitoshi hata kidogo. Habari za mapigano ya Wakatoliki na Waprotestanti huko Mengo, 24 Januari 1892, aliziandika yeye, na Askofu Hirth wa Wamisionari wa Afrika akaziandika kivyake. Chora safu mbili, upange siku kwa siku. Penye kupishana ndipo pa kuchimba.

Ukifika kwenye utawala, cheo kikague kwanza. Kuanzia 1900 hadi 1906 alikuwa Kamishna Mkuu wa Nigeria Kaskazini, si gavana (mfululizo wa CO 446; CO ni Wizara ya Makoloni). Ugavana ulianza Hong Kong, 1907 hadi 1912 (CO 129). Gavana Mkuu wa Nigeria alikuwa 1914 hadi 1919 (CO 583).

Barua ya gavana huwa ndani. Juu yake kuna jalada lenye namba, tarehe ya kupokelewa na madokezo, kuanzia karani mdogo kwenda juu, kila mmoja ametia herufi za jina lake. Watu hupiga picha barua wakaliacha jalada, na hilo ni kosa kubwa, kwa sababu mabishano yamo humo. Mapema 1906 Winston Churchill, akiwa naibu waziri wa makoloni, alilalamikia kwa dokezo umwagaji damu wa Nigeria Kaskazini. Barua ya Lugard peke yake haikuonyeshi hilo.

Barua isipoonekana, rudi kwenye daftari la masijala la mwaka huo. Ukikuta imegongwa muhuri kwamba iliharibiwa kwa mujibu wa sheria, nakili muhtasari uliomo daftarini, namba na tarehe yake, kisha uende barua inayofuata.